Kopo la Mama Bati

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Mawingu alijilaza kwenye mkeka uani na kutazama juu. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa akitumwa chumvi hurudi mikono mitupu na habari za wingu lenye pembe. Bibi alikuwa mcheshi, lakini goti lake halikuwa na utani. Maji waliyafuata bombani, chini ya kilima, na kwa kila ndoo Bibi alisimama mara tatu njiani kuvuta pumzi.

Tangi walikuwa nalo, kubwa na tupu. Kila mvua iliponyesha, mfereji wa paa ulikuwa umeziba kwa taka, na maji yakamwagika ukutani. Ndipo Bibi akamwita fundi wa mifereji, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bati.

"Paa lenu ni la vigae," alisema, akilipima kwa jicho moja. "Lingekuwa bati, ningepiga skrubu nikaenda zangu. Kigae ukikitoboa kinapasuka, kwa hiyo wavu wa kufunika mfereji nitauchomeka chini ya safu ya kwanza. Ila ukubwa wa matundu unategemea kinachoangukia humo." Akampa Mawingu kopo. "Mwanangu, nichotee taka za mfereji wa nyuma. Za ndani ya mfereji, siyo za chini. Kesho uniletee karakanani."

Bibi alifunga upawa kwenye ufito mrefu, ili Mawingu achote akiwa amesimama chini. Mawingu akaenda nyuma, akainua ufito, na juu ya vigae akaona wingu jeupe likijikunja taratibu kama paka anayetafuta pa kulala. Akakaa alitazame kidogo tu. Aliposhtuka, jua lilikuwa linazama na Bibi anamwita. Haraka haraka akazoa majani mapana yaliyotapakaa uani, akajaza kopo.

"Yametoka ndani ya mfereji haya?" Mama Bati aliuliza kesho yake.

"Ndiyo," alijibu Mawingu, akitazama viatu vyake.

Jumamosi asubuhi Mama Bati alifika na wavu wa matundu makubwa. Alipanda ngazi, akatia mkono mferejini, akashuka na konzi ya majani membamba kama sindano, yaliyochanganyika na unga mwekundu wa vigae vikuukuu.

"Haya yangepita yote kwenye wavu huu," alisema kwa mshangao. "Basi nimechanganya kopo lako na la mteja mwingine. Nisamehe, mama. Nitarudi na wavu mwingine."

"Hata mimi nasahau miwani ikiwa usoni," Bibi alimtuliza.

Mawingu alijificha nyuma ya tangi.

Mchana ule mvua ikanyesha, nzito na nzuri. Mawingu alibana sikio kwenye tangi, akasikia kimya kitupu. Maji yote yalikuwa yakimwagika ukutani. Ilipokatika, Bibi alichukua ndoo yake, akaanza kushuka kilima kwenye utelezi, mguu mmoja mmoja. Moyo wa Mawingu ulimuuma. Alimkimbilia, akampokonya ndoo na kumwambia yote. Baada ya kuchota maji, akaenda mwenyewe karakanani.

"Hukuchanganya makopo, Mama Bati. Niliokota majani ya uani. Nilikuwa naangalia wingu."

Mama Bati aliweka mkasi mezani. "Tangu asubuhi najiona nimezeeka," alisema. Kisha akavuta wavu wa matundu madogo, yasiyopitisha hata punje ya mchele. "Shika upande ule. Unyooshe."

Walikata hadi jioni. Kesho yake mfereji ulisafishwa, wavu ukachomekwa chini ya vigae vyote vya ukingoni, na siku mbili baadaye mvua ikarudi. Mawingu alibana tena sikio. Ndani ya tangi maji yaliimba, kwanza kwa sauti nzito, kisha nyembamba zaidi, kadiri yalivyopanda.

Mama Bati, aliyekuja kukagua kazi yake, alijibanza naye chini ya ukingo wa paa. "Wingu litazame, mwanangu, hata mimi nalipenda," alisema. "Lakini ukiulizwa, sema ulichokiona kweli. Fundi hupima kwa neno lako, na likiwa la uongo, anayeumia ni mwingine."

Bibi akaipindua ndoo yake, akaikalia, akanyoosha goti.

"Haya," alisema, "nionyesheni hilo wingu."