Pumziko la Kisima cha Saba

Chumba cha seva kilianza kunuka mvua mwezi Oktoba. Dodoma haina mvua ya Oktoba hata kwenye ahadi za wanasiasa. Vumbi linakuwa limeingia mpaka kwenye kibodi, na mtu akisema ananusa udongo uliolowa watu wanamuuliza kama amekula. Lakini harufu ilikuwepo, nzito, ya ile saa tone la kwanza linapogonga ardhi iliyosubiri miezi mingi. Afisa utawala alikuja, akanusa, akaandika kwamba chumba kina unyevunyevu, akaagiza feni. Feni ikaja. Ikaisambaza harufu mpaka mapokezi.

Restuta hakuwa na nguvu za kushangaa. Mimba ilikuwa imemlemea, miguu imevimba, na viatu pekee vilivyomkubali vilikuwa ndala za mumewe, Zablon. Barua yake ya likizo ya uzazi ilikuwa ikizunguka meza za ghorofa ya pili kwa sababu mtu mmoja alitaka uthibitisho wa mimba, na mwingine alitaka uthibitisho huo uwe wa mwezi huu. Restuta alipita mwenyewe kwenye meza zote mbili, tumbo likimtangulia. Wote wawili walimwambia asubiri.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Wakala wa maji ulikuwa na visima virefu vilivyotawanyika uwandani, toka Chemba mpaka pande za Buigiri, na pampu zake zote ziliwashwa na kuzimwa na programu moja iliyokaa Dodoma mjini. Sasa kisima cha saba, porini kidogo ukitokea Chemba, kilikuwa kinajizima kila alasiri. Hakuna aliyekizima. Mfumo ulisema amri ya kuzima imetolewa. Haukusema imetolewa na nani. Wanawake wa kule walipanga ndoo mpaka magharibi, diwani akampigia simu mbunge, mbunge akampigia mtu ambaye Bwana Ernest, mkurugenzi wa Wakala, hakuweza kulitaja jina lake bila kusimama.

Bwana Ernest alishauri wazime na kuwasha. Ndiyo dawa aliyokuwa nayo kwa mitambo yote, na kwa watumishi pia alikuwa na inayofanana nayo. Walizima, wakawasha. Alasiri kisima cha saba kikajizima.

Ikabaki dibaga. Dibaga ni programu ya kuchunguzia programu nyingine. Unaipachika kwenye ile iliyo kazini, unafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, na unaandika amri moja moja. Unaiagiza programu isimame mahali fulani, na ikifika hapo inasimama ilivyo, mguu juu, neno mdomoni. Ndipo unaiuliza: hapa umeitwa na nani? Na aliyekuita, yeye kaitwa na nani? Unashuka hivyo mpaka chini kabisa, kwa aliyeanza. Shaibu, mwendeshaji wa mitambo aliyekaa meza ya jirani, mtoto wa Kondoa mjini, alisema shangazi yake anafanya kazi hiyohiyo, ila yeye anatumia ubani.

Restuta alitega mtego kwenye mstari unaozima pampu ya kisima cha saba, akakaa kusubiri. Alasiri ilipofika programu ikanasa, ikasimama. Akauliza nani kaita. Yakashuka majina anayoyafahamu, ya sehemu alizoziandika kwa mkono wake, moja chini ya jingine, na chini kabisa, pale ambapo lazima pawe na mwanzo, palikuwa na alama mbili za kuuliza. Aliyeita hakuwa na jina. Hakuwa hata ndani ya programu.

Harufu ya mvua ikapanda. Mahali fulani nyuma ya makabati ya mitambo, ambako hakuna bomba wala sinki, kitu kilikuwa kinadondoka tone kwa tone.

Aliandika amri ya kuendelea. Pampu ikazima, na mtoto tumboni akapiga teke lililomfanya ashike ukingo wa meza. Ndipo alipotambua kwamba kwa muda wote ule hakuwa amecheza, naye alasiri ndiyo saa yake ya fujo.

Kesho yake alitega tena. Programu ikasimama, mtoto akatulia. Akaiachia, mtoto akacheza. Miaka yote ya kazi alikuwa amewafundisha wengine kwamba jambo linalojirudia si bahati mbaya, na safari hii alitamani kanuni hiyo imkosee. Alikwenda kliniki, nesi akasikiliza, akasema mapigo ya mtoto ni mazuri kabisa, mama apunguze mawazo na chumvi. Nyumbani Zablon alisikiliza mpaka mwisho, akaomba wasali, wakasali, kisha akamsihi aiache kazi hiyo kwa mwenzake.

Lakini mwenzake hakuwepo. Nafasi hiyo ilikuwa imeombewa kibali cha ajira na kibali kilikuwa njiani. Na Bwana Ernest alikuwa ameahidi huko juu kwamba taarifa itafika kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo alimwomba Restuta, tena kwa upole, aitazame mara moja tu, mara ya mwisho, halafu ile barua yake ya likizo yeye mwenyewe ataifuata ghorofa ya pili.

Akaitazama. Jua la alasiri lilikuwa linapiga vioo, feni inazunguka, Shaibu anamenya chungwa, na programu iliponasa mtoto akanyamaza kama mtu aliyefunga mlango. Restuta hakuuliza chochote. Aliandika haraka amri ya kuendelea, akabonyeza. Dirisha jeusi likapokea amri, likashuka mstari mmoja, likakaa. Programu haikwenda. Akaandika tena, akabonyeza tena, na harufu ikamjia safari hii si kutoka chumba cha seva bali kutoka kwenye nguo zake mwenyewe, kwenye nywele, kwenye pumzi yake, udongo mbichi wa kisimani, na lile tone likaacha kudondoka nyuma ya makabati likaanza kudondoka karibu zaidi, chini ya kiti chake, ingawa sakafu ilikuwa kavu, naye mikono miwili tumboni akawa anabonyeza huku na huku, taratibu, kama unavyomwamsha mtoto usingizini bila kutaka alie, akisubiri kisigino, kiwiko, chochote, na ndani mle hapakuwa na kitu kilichomjibu.

"Shaibu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwite shangazi yako."

Shaibu aliliweka chungwa mezani, akatoa simu.

Bi Mwanamvua alikuja kwa bodaboda akitokea Chang'ombe, mwanamke mfupi, mwenye miwani na mkoba wa kwendea sokoni. Getini mlinzi alitaka kujua madhumuni ya ugeni, na Shaibu akaandika kwamba ni mtaalamu wa unyevunyevu. Mlinzi akapiga saluti. Alikuwa amemsubiri mtaalamu huyo tangu feni iliposhindwa.

"Shikamoo mama," Restuta alisema. Hata kwa hali ile.

"Marahaba mwanangu. Usiinuke." Alimshika kifundo cha mkono, akanusa hewa, akatazama lile dirisha jeusi kwa muda. "Umemfunga wapi?"

Restuta alimwonyesha mstari.

"Alikuwa anafanya nini ulipomfunga?"

"Anazima pampu."

Bi Mwanamvua alitikisa kichwa kwa uchovu, kama fundi anayeletewa redio ambayo mtu mwingine ameshaifungua. Alitoa chetezo kidogo mkobani, na Shaibu, aliyelelewa katika mambo hayo lakini pia ndiye anayewajibika kwa vifaa vya kuhisi moshi, alipanda kwenye kiti akakifunika kile cha darini kwa mfuko wa plastiki.

Hapo ndipo Bwana Ernest alipoingia. Programu ikiwa imesimama, pampu zote zilikuwa zimesimama, si ya saba peke yake, na simu zilikuwa zimeanza kuingia toka kila upande. Aliona ubani, akaona bibi asiyemfahamu, akaamua kwamba mambo mengine atayaonea wakati wake. Akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya seva.

"Baba," Bi Mwanamvua alisema bila kugeuka, "ukizima sasa, huyo mtoto nani atamfungulia?"

Mkono wa Bwana Ernest ulibaki hewani. Alimtazama Restuta, uso wake, mikono yake tumboni. Aliushusha mkono, akaeleza kwamba hata hivyo utaratibu wa kuzima unahitaji idhini ya maandishi.

Bi Mwanamvua alisoma chini chini kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya karani wa mapokezi, ni nani aliyeko hapo na anataka nini, na Restuta akahisi mdomo wake unafunguka, ulimi umejaa ladha ya tope, akawa anaisikia sauti yake mwenyewe kwa mbali kama redio ya jirani.

"Maji yangu hayapumziki," sauti ilisema. "Usiku yanavutwa. Mchana yanavutwa. Alasiri nayazima nipumue. Huyu kanishika nikiwa nazima. Kanishika kwenye maji yangu. Na mimi nimemshika kwenye maji yake."

Chungwa la Shaibu lilibingirika likaanguka. Hakuna aliyeinama kuliokota.

"Akikuachia, utamwachia?"

"Akiniachia."

"Na alasiri yako utapewa."

"Nani anaahidi?"

Bi Mwanamvua alimgeukia Bwana Ernest, mtu ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuahidi jambo bila kikao. Alikohoa. Alisema ombi hilo ni la msingi na linaweza kufikiriwa.

"Sema ndiyo," Bi Mwanamvua alimwambia polepole.

"Ndiyo," alisema Bwana Ernest.

Dibaga ina amri mbili za kuagana na programu uliyoisimamisha: moja inaiua, nyingine inaiachia iende zake. Restuta aliandika ya kuachia herufi kwa herufi, akaisoma mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi, akabonyeza. Mstari ukashuka. Pampu zikaanza kunguruma kwenye ripoti, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya saba ikazima kama ilivyotaka. Harufu ikapungua, pakabaki vumbi na ubani. Kisha mtoto akapiga teke moja, hafifu, la mtu anayegeuka usingizini, akafuatisha jingine.

Restuta alilia kimya kimya. Bwana Ernest aliuliza kama sasa wanaweza kuandika taarifa.

Taarifa ilisema kisima cha saba kinahitaji mapumziko ya kiufundi kila alasiri. Restuta aliyaandika mapumziko hayo ndani ya programu, wanawake wa kule wakahamishia foleni yao asubuhi, na mbunge akashukuriwa kwenye mkutano wa hadhara. Bi Mwanamvua alikataa hela, akapokea kilo ya sukari. Shaibu alipomsindikiza mpaka getini akitaka kujua kama yameisha, alimjibu kwamba yule kamwachia. Kama kamsahau, hilo hakumuuliza.

Barua ya likizo ilitoka. Katika maelezo ya kukabidhi kazi Restuta aliandika kwamba programu ya visima isisimamishwe kwa dibaga kwa sababu yoyote. Bwana Ernest aliufuta mstari huo, kwani katazo la serikali lazima litaje waraka unaolipa nguvu, na waraka haukuwepo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakampa jina la bibi yake, Dorkasi. Alikuwa mnene, mwenye kelele, mla usingizi wa wazazi wake. Alasiri kisima kikipumzika naye alicheza tu, na wiki zilivyopita Restuta aliacha kuitazama saa. Alichoka uchovu wa kawaida, wa nepi na maziwa, na kuupata uchovu wa namna hiyo alikuona kuwa ni baraka.

Asubuhi moja alikuwa anamnyonyesha kibarazani, redio ya jirani ikisoma habari, Dorkasi akivuta kwa juhudi na kumkwaruza kwa kucha. Akaacha kuvuta. Restuta alidhani kasinzia, akamtikisa shavu. Macho yalikuwa wazi. Kucha zilikuwa bado zimekaza pale pale zilipokuwa, kifua hakipandi, hakishuki, na mwili una joto lake lote.

Alipiga simu ofisini kwa mkono mmoja. Shaibu akapokea, akaanza salamu za mtoto.

"Shaibu, programu imesimama?"

"Eh, wewe umejuaje? Kibali kilitoka, dada, tumeletewa kijana, Gaudence. Wakaguzi wamehoji kwa nini kisima cha saba kinapumzika, ndiyo kaambiwa aanze na hicho. Kaisimamisha tu kidogo aitazame."

"Mwambie aiachie. Sasa hivi."

"Katoka. Kaiacha hivyo hivyo, kaenda kunywa chai."

"Iachie wewe."

"Kafunga skrini kwa nenosiri lake." Sauti ya Shaibu ikashuka mpaka chini. "Dada. Mtoto yukoje?"

Restuta alimsikia akiiweka simu mezani bila kuikata, akasikia viatu vyake vikikimbia kwenye ukumbi, vikishuka ngazi, vikipotea. Ikabaki feni. Na nyuma ya feni, tone kwa tone, kitu kikidondoka.

Kwenye kidevu cha Dorkasi lilikuwepo tone la maziwa. Lilikuwa limejaa, limening'inia, na halikuanguka.