Simamisha Kwanza Cherehani

Fundi cherehani alijivunia vitu viwili: mshono wake ulionyooka na mwanawe wa miezi tisa. Mtoto alizaliwa mdogo sana, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Kifungo. Mchana alilala ndani ya kapu la vitambaa, kando ya meza ya kukatia. Kelele za cherehani zilikuwa bembelezo lake.

Baridi ilipoingia, fundi alimshonea koti zito la tabaka tatu. Hakuliwekea mpasuo mbele. Lilifungwa mgongoni kwa kamba nyingi, ili upepo usipate pa kupenya.

"Hata mbu ataulizia njia," alijisifu.

Siku chache baadaye Kifungo akaanza kukohoa.

"Baba Kifungo," mkewe alisema, "mtoto ana homa. Tangu asubuhi ananyonya kidogo, anaachia."

"Mafua hayo, mama. Yatapita. Mwache na koti lake apate joto."

"Nasikia kama anahema."

"Unasikia cherehani," fundi alijibu, akaendelea kukanyaga.

Wakati huo Dada Afya akaingia. Hilo ndilo jina walilompa mhudumu wa afya wa mtaa wao. Alikuja kujaribu gauni, na alikuwa na maneno yake tayari, kwa kuwa fundi alishamwambia "njoo kesho" mara nyingi. Lakini macho yake yaliangukia kwenye kapu. Matundu ya pua ya mtoto yalikuwa yakitanuka.

"Fundi, simamisha kwanza cherehani."

Chumba kikawa kimya. Ndipo wote wakasikia: pumzi fupi fupi, za haraka. Fundi aliogopa.

"Mvueni koti," Dada Afya alisema.

Kamba zilikuwa nyingi, na fundi alizifungua moja moja. Mama akampakata mtoto mpaka akatulia. Dada Afya akatazama saa ya simu yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Tazameni hapa, chini ya mbavu. Akivuta pumzi, panabonyea ndani. Na anapumua haraka mno. Mtoto wa umri huu akivuta pumzi mara hamsini au zaidi kwa dakika, naye ametulia, hayo si mafua tu. Huenda ni nimonia. Twendeni kituo cha afya."

"Sasa hivi? Na gauni lako?"

"Gauni litangoja. Mtoto hangoji."

Njiani mama alieleza jinsi mtoto alivyonyonya kidogo tangu asubuhi, akauliza, "Ningejuaje, dada?"

"Ulijua. Ulisema hanyonyi vizuri. Mtoto akihema hivi, mpeleke mara moja. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usisubiri hata kupambazuke." Kisha akamgeukia fundi. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe uliyaficha kwa sindano na uzi."

Fundi akaongeza mwendo.

Kituoni tabibu alimpima Kifungo, akampa dawa, akamwangalia hadi jioni.

"Ni nimonia, lakini mmewahi," alisema. "Mama, endelea kumnyonyesha. Maliza dawa yote. Mrudisheni baada ya siku tatu. Akizidiwa, msingoje siku hizo."

Waliporudi kituoni siku ya tatu, Kifungo alikuwa anacheka na kuvuta ndevu za baba yake.

"Kashapona," fundi alisema nyumbani. "Dawa iliyobaki tuweke akiba."

"Wewe humpi mteja shati la mkono mmoja," mkewe alijibu. Dawa ikamalizwa.

Fundi akalifumua lile koti. Alilipasua mbele, akaliwekea vifungo vikubwa ambavyo hata bibi asiyeona vizuri angeweza kuvifungua. Akina mama wa mtaa wakalipenda, wakaagiza ya watoto wao. Kila aliyekuja kuchukua lake aliambiwa, "Akikohoa, fungua utazame kifua."

Siku hizi, katikati ya mshono, fundi huinua mguu na cherehani hunyamaza.

"Uzi umekatika?" mteja mmoja alimuuliza.

"Hapana. Namsikiliza mwanangu."

Kifungo alikuwa amelala kapuni, akipumua polepole. Fundi alisikiliza mpaka akaridhika, kisha akaendelea kushona.