Ovaroli Jipya la Nondo

Kila asubuhi, mapacha wakishatoka kwenda shule, Mama Pacha hukaa mbele ya cherehani yake pale dirishani. Ni cherehani ya kukanyaga. Mguu wake una haraka kuliko mdomo wake, wala mdomo wake si mvivu.

Alikuwa na miezi sita tu tangu ahitimu ushonaji. Alishashona mapazia, foronya na sare za shule. Lakini kazi aliyojivunia kupita zote ilikuwa ovaroli la mumewe.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza milango, madirisha na mageti. Ni mwembamba na mbishi, ndiyo maana wenzake karakanani wakamwita Nondo.

Kitambaa alikichagua Mama Pacha mwenyewe: cha buluu, chepesi, chenye kung'aa. Hakikunjamani, hakichuji rangi. Alishona wiki nzima. Nondo alipolivaa mara ya kwanza, alizunguka chumba kama bwana harusi.

"Mke wangu, hili ni la kuchomelea au la kupigia picha?"

"Yote mawili. Nenda ukawaumize macho wenzako."

Hazikupita wiki mbili. Siku ya kufua, Mama Pacha alilikunjua ovaroli akakodoa macho. Mikono yote miwili ilikuwa matundu matupu. Kingo za matundu zilikuwa ngumu na nyeusi.

"Baba Pacha, hili ulilipeleka vitani?"

"Kazi ni kazi," alijibu Nondo, macho chini.

"Lile la zamani ulilivaa miaka minne. Kama hulitaki langu, sema. Usilitoboe."

Nondo akavuta mikono ya shati lake hadi viganjani. Hapo Mama Pacha akagundua kitu kingine. Joto lilikuwa kali, lakini mumewe alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Akamshika mkono. Nondo akaruka.

"Hebu nione."

"Achana nayo, ni mikwaruzo tu."

Akampandisha mkono wa shati. Ngozi ilikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, vingine vibichi. Kwenye kimoja, nyuzi za buluu zilikuwa zimegandia.

"Nini hiki?"

"Kitambaa. Cheche ikitua hapo, kinayeyuka. Kinaning'ang'ania kama gundi ya moto."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bado unalivaa?"

"Ulilishona wiki nzima," Nondo alisema polepole. "Ningekwambia linaniunguza, ungevunjika moyo ukaacha kushona. Nikaona heri ngozi, itaota tena."

"Mwanaume wewe una kichwa kigumu," alisema Mama Pacha.

Alimpeleka zahanati palepale. Muuguzi alimsafisha vidonda. Akawaonya wasije wakabandua wenyewe kitambaa kilichogandia kwenye kidonda. Hiyo ni kazi ya zahanati.

Kesho yake Mama Pacha aliifunika cherehani kwa shuka. Hakutaka kuiona.

Mchana akaingia jirani yake, Bi Sindano, ameshika sketi ya kupunguzwa. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha nguo.

"Cherehani inaumwa? Mbona imejifunika?"

Mama Pacha akamsimulia yote. "Mimi si fundi, Bi Sindano. Nimemchoma mume wangu mwenyewe."

"Acha kujililia. Leta uzi mmoja wa hilo ovaroli, na mmoja wa kitambaa cha pamba. Leta sahani ya bati, kibiriti, kibanio na kikombe cha maji. Watoto hawapo? Vizuri. Na ni uzi mmoja mmoja, tusije tukachoma nyumba."

Bi Sindano alishika uzi wa buluu kwa kibanio, akauwasha juu ya sahani. Uzi ulinywea, ukajikunja, ukawa tone jeusi. Harufu ilikuwa kama ya ndoo ya plastiki iliyoungua.

"Limeshapoa. Bonyeza."

"Gumu kama shanga," Mama Pacha alisema.

Uzi wa pamba uliwaka haraka. Ulinuka kama karatasi. Jivu lake lilikuwa la kijivu, laini, likapeperuka.

"Pamba imetoka shambani, ni mmea," alieleza Bi Sindano. "Ule mwingine ni poliesta. Unaundwa kiwandani, kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Tuliuyeyusha, tukausukuma kwenye matundu madogo, ukatoka uzi. Sasa uupe moto, utafanya nini?"

"Utayeyuka tena."

"Enhe."

"Basi vya kiwandani ni vibaya."

"Nani kasema? Mwavuli wako ni wa kitambaa gani? Na ile kamba ya kuanikia nguo? Vile havilowi kwa urahisi, hukauka upesi, haviozi mapema. Pamba inanyonya jasho na kupitisha hewa, lakini hukunjamana na hukawia kukauka. Kushona unajua. Ila umepeleka kitambaa cha mvua kwenye moto."

"Kwani pamba haiungui?"

"Si umeiona inaungua? Lakini haiyeyuki ikaganda mwilini. Tafuta nzito, iliyofumwa kwa kubana. Isiwe na madoa ya mafuta. Na aproni yake ya ngozi aivae vilevile. Muuzaji akikwambia ni pamba tupu, omba uzi uujaribu. Michanganyiko ni mingi."

Mama Pacha akafikiri kidogo. "Na uzi wa kushonea?"

Bi Sindano akacheka. "Sasa naongea na fundi. Nao uwe wa pamba."

Shuka likaondolewa. Mama Pacha alinunua kaki nzito ya pamba, baada ya kumchosha muuzaji kwa maswali. Alishona mikono ya kubana kifundoni. Mifuko aliiwekea vifuniko, cheche zisipate pa kuingia. Kwa buluu iliyobaki akawashonea mapacha makoti ya mvua.

Vidonda vilipopona, Nondo alirudi kazini na ovaroli jipya. Wiki iliyofuata Mama Pacha alimpelekea chakula karakanani. Alisimama mbali, akageuza uso asitazame mwanga wa kuchomelea. Aliposikia kimya, akageuka. Nondo alikuwa ameinua kinyago.

"Umenifuata mimi au ovaroli?"

"Ovaroli. Wewe nilikuona asubuhi."

Nondo akapandisha mkono wa nguo mwenyewe. Makovu ya zamani yalikuwa yanafifia. Jipya halikuwepo hata moja.

"Shemeji," akaita fundi mwenzake, "na sisi tuna ngozi jamani."

Mama Pacha akatoa futi yake ya kupimia.

"Pangeni mstari. Ila atakayeungua akanyamaza, simshonei tena."