Vidole Vinne Chini ya Mlango

Karani wa mahakama alipomaliza kubandika namba ya kielelezo pembeni mwa picha, aliona kidole gumba chake kina rangi mbichi ya kahawia. Picha ile ilichorwa miaka minne nyuma. Alikifuta kwa karatasi.

Wosia wa marehemu baba ulisema picha zote zenye sura za watu wa familia apewe binti yake mkubwa, na michoro mingine ibaki kwa mwanawe mchoraji. Dada alidai hii ilikuwa sura ya mama yao. Mdogo wake, aliyeichora, alikana. Jambo moja dada hakumwambia hata wakili wake: akiipata, angeichoma moto siku hiyo hiyo, kabla haijatundikwa kwenye maonyesho watu wakaiona.

Ilikuwa kahawia nzito kutoka juu hadi karibu na chini, kisha ufa mweupe mwembamba, na ndani ya ufa vidoa vinne.

"Mheshimiwa," alisema wakili wa mchoraji, "kama hii ni sura ya mtu, basi ukuta wa bafu langu ni babu yangu."

Watu wakacheka. Hakimu alikohoa kuficha kicheko chake. Dada, kizimbani, alisikia harufu ya godoro lililolowa. Halafu sauti: kwaru, kwaru, kwaru, kimya. Watu walitazama dari wakidhani ni panya, mpaka karani alipoona kucha za dada zikiuparua ubao wa kizimba, na dada mwenyewe akizitazama kama za mtu mwingine.

Hakimu alimwuliza alimtambuaje mama yake pasipo jicho wala pua. Dada alikuwa amejiandaa kutaja rangi ya mtandio, lakini alipoutazama ule ufa harufu ilimjaa kooni, na vile vidoa, alivyokuwa akikwepa kuvitazama, vikawa ncha za vidole, naye akaelewa kwamba mdogo wake alikuwa amechora kile alichokiona akiwa amelala kifudifudi kwenye korido, shavu sakafuni, akiongea na mama kupitia uwazi wa chini ya mlango, kwa sababu yeye hakuwa na ufunguo.

"Ni yeye," alisema. "Ndivyo alivyoonekana tulipomfungia."

Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mama alipandwa na jini, akawa anapiga kelele mbele ya wageni, na mganga akaagiza akae ndani siku tatu.

Mdogo wake alisimama. "Dada, inatosha. Waambie ni rangi tu, twende nyumbani." Hapo ndipo dada alipojua kwamba muda wote huo mdogo wake alikuwa akikana ili kumsitiri yeye.

"Alikaa ndani siku ngapi?" hakimu aliuliza.

Dada alifungua mdomo aseme tatu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, kavu, ya kizee, na midomo yake haikutikisika.

"Miezi miwili. Mimi jini nilitoka siku ya tatu, mganga akamwambia huyu binti afungue, hakufungua, maana wakwe walikuwa wanakuja kuleta posa na alishawaambia mama amesafiri. Akaendelea kuwaambia hivyo huku mama yake, mzima, mwenye akili zake, akimwita kwa jina lake la utotoni kutoka chini ya mlango, mpaka siku alipoacha kuita."

Mkono wa dada ulipanda wenyewe, ukamwelekezea kidole kifuani pake mwenyewe.

"Ufunguo alikuwa nao huyu. Nikahamia kwake."

Hakuna aliyecheka. Kwenye benchi la nyuma mume wa dada alichukua kofia yake, akatoka bila kumtazama.

Baada ya mapumziko hakimu alisoma uamuzi kwa haraka, macho kwenye karatasi: ile ni sura ya mtu, apewe mdai.

Kwenye korido dada alisimama ameikumbatia picha, rangi ikimchafua gauni. Mdogo wake alimsogelea, akamnong'oneza kwamba angemwita mganga jioni ile ile, amtoe huyo jini, yaishe.

Dada alitikisa kichwa.

"Usimwite, mdogo wangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Akitoka, nitawaambia watu tena kwamba mama alisafiri."