Tope la Ruweyda

Soko la maziwa ya ngamia Garissa si pahali pa kusimama ukizubaa. Ruweyda, dera la kijani na gambuti miguuni, alizubaa, akamkanyaga muuza barafu.

"Abaayo, hiyo mguu ni yangu!"

"Pole, walaal. Nataka barafu ya kuhifadhi tope."

Muuza barafu, Ahmednoor, alicheka mpaka akina mama wa maziwa wakageuka. "Tope? Unapelekea mchumba?"

"Napeleka chuo, Nairobi. Kwa tope la bwawa kuna vijidudu aina elfu, vinaishi pamoja. Natafuta protini zao. Protini ndizo zinaonyesha nani anafanya kazi, nani amelala tu."

"Basi anza kupima vijana ya mtaa yetu ya Galbet!"

Wiki mbili zilizofuata simu kati yao hazikupoa, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ruweyda akamwachia chupa zake za kioo amtunzie. Jumatano alizichukua, akazijaza tope bwawani, nje ya mji, upepo ukivuma. Alipofungua moja nyumbani, harufu ya moshi ikampiga puani. Ahmednoor alikuwa amezifukiza zote kwa kuni za mgunga, kama mama yake anavyofukiza vibuyu vya maziwa.

Akampigia simu palepale. "Umeniua! Moshi unaharibu hizo protini! Ijumaa nisipofikisha tope, nafasi ya masomo imeenda. Na mvua ikinyesha, bwawa si lile tena!"

"Wallahi nilikuwa nakuheshimu, macaanto, mpenzi wangu. Chombo ya mtu unapenda haiachwi bila moshi."

Alikata simu, akalia. Kilichomchoma zaidi ni kwamba bado alimpenda. Jamaa alipiga mara kumi na tisa; hakushika.

Alhamisi asubuhi wingu lilitanda. Ruweyda alifika bwawani na chupa safi alizoazima maabara ya shule, akamkuta Ahmednoor ukingoni, shati jeupe limepigwa pasi, sanduku la barafu kando.

"Chupa sigusi," alisema akiinua mikono. "Nimeleta barafu tu. Niambie nishike wapi."

"Shika mkono wangu nisiteleze."

Akaushika. Chupa ya mwisho ilifungwa, na matone makubwa yakaanza kuanguka.

"Hayo masomo ni miaka ngapi?"

"Mitatu."

Ahmednoor alifunika sanduku la barafu. "Na wazee wangu wakikuja kwa baba yako kesho kukuposa, atakubali ningoje?"

Ruweyda alijifuta mvua usoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Waje leo. Kesho nasafiri."