Mshenga wa Odilo

Mwalimu Odilo alikalia kapu la mayai. Ilikuwa mwaka 1952, njia panda ya Makambako, basi la Iringa limeingia, abiria na wauza viazi wanapigana vikumbo, naye anatembea huku anasoma kitabu. Alipohisi kitu cha kukalia, akakaa.

"Kaka, hayo ni mayai ya mama yangu."

Aligeuka. Aliyesema, Emilia, alikuwa amevaa gauni la bluu lililonyooshwa vizuri kwa pasi na sweta ya manjano aliyoifuma mwenyewe, na kicheko kilikuwa kinamshinda. Alifundisha ushonaji katika shule ya Kidugala na alikuwa anarudi likizo kwao Kifanya.

"Samahani, dada. Nilikuwa mbali."

"Wapi?"

"Ureno."

"Na huko Ureno hawana viti?"

Walipanda basi moja la Njombe, suruali ya mwalimu imelowa ute. Njiani akamsimulia maisha yake. Alikuwa yatima aliyelelewa na mapadri. Akasomea upadri, akauacha, na sasa alifundisha Kilatini katika seminari ndogo karibu na Njombe. Kazi iliyomkosesha raha ilikuwa kuchunguza jinsi Kilatini kilivyozaa Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania na Kireno. Alitaka kujua watoto wa mama mmoja walianzaje kutoelewana.

"Na ukishajua?"

"Nitakuwa nimejua."

Emilia akacheka hadi kondakta akageuka. Alimpenda hapo hapo, na mayai yake yote.

Kila likizo walikutana sokoni Njombe. Baridi ikizidi, Odilo alificha mikono yake ndani ya mikono ya ile sweta.

"Profesa wangu, Wafaransa nao huwa na vidole vya barafu?"

"Sijui. Sijamshika Mfaransa."

"Wala usimshike."

Tatizo lilikuwa moja. Baba yake Emilia, Mzee Anania, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na Odilo alikuwa Mkatoliki.

"Baba atasikia akiombwa kwa heshima," Emilia alimwambia. "Tuma mshenga. Usije mwenyewe, atakuona huna adabu."

"Kabla ya Pasaka, mpenzi."

Hapo ndipo msomi wetu alipoharibu. Hakuwa na mjomba wala baba mdogo, basi akamtuma mtu aliyemwamini kuliko wote, katekista Tarsis. Na Tarsis, mtu mwema kabisa, alikwenda Kifanya na kanzu yake nyeupe, rozari shingoni. Alipofika mlangoni akafanya ishara ya msalaba na kuwaomba wenye nyumba wasali naye kwanza. Mwaka uliotangulia mpwa wa Mzee Anania alihamia kwa Wakatoliki, na mambo yalianza hivyo hivyo, kwa sala ya mgeni.

"Nyumba hii ina dini yake," mzee alisema. "Nenda salama."

Posa haitajwi na mtu aliyesimama mlangoni. Tarsis hakupewa kiti, kwa hiyo hakusema kilichomleta. Alirudi akamwambia Odilo, "Wamekukataa." Ndivyo alivyoamini.

Odilo angeweza kumuuliza Emilia. Mtu anayeweza kufuatilia neno moja kwa miaka elfu alishindwa kufuatilia hilo. Alijifungia na vitabu vyake, na mapadri walipomtafutia nafasi ya kusoma Roma miaka sita, akakubali. Emilia alingoja Pasaka ikapita. Binti wa watu hawezi kwenda kuulizia posa yake mwenyewe. Mwalimu Sila, Mlutheri mpole, alipotuma washenga wake, Emilia alijibu ndiyo.

Ni Priska, dada yake Tarsis, aliyemweleza Emilia sokoni jinsi kaka yake alivyofukuzwa kabla ya kutaja posa, na kwamba Odilo anaondoka siku hiyo. Emilia alidandia lori la magogo ya miti ya miwati hadi Makambako. Alimkuta mlangoni mwa basi la Iringa, amevaa koti jipya jeusi.

"Baba hakukukataa. Hakujua Tarsis amekuja kwa ajili yako. Alidhani anataka kutubadilisha dini."

Odilo alishika mlango. "Na Sila?"

"Tumetangazwa kanisani Jumapili mbili. Imebaki moja. Teremka, twende kwa baba sasa hivi. Aibu nitaibeba mimi."

"Emilia, nafasi hii haitarudi."

"Najua. Unanipenda?"

"Nakupenda. Nikirudi..."

"Teremka, Odilo."

Dereva alipiga honi. Odilo alitazama sanduku lake la vitabu juu ya basi, akamtazama Emilia, akatazama sanduku tena. Alimpenda, sina shaka. Lakini mguu wake haukutoka kwenye ngazi, na Emilia alikuwa anautazama mguu huo.

"Panda, Profesa wangu," alisema taratibu. "Sitaki siku moja uniambie mimi ndiye niliyekushusha."

Alipanda. Baadaye sana uprofesa aliupata kweli. Aliandika juu ya lahaja za wachungaji wa milimani huko Italia, na wazee wenye majoho wakasimama kumpigia makofi. Hakuoa.

Jumapili ile, Kifanya, tangazo la tatu lilisomwa. Mchungaji akasema mwenye kizuizi asimame aseme. Sila alitazama mbele. Emilia aligeuza shingo, akautazama mlango wa kanisa, na aliendelea kuutazama hata waumini walipokwisha kuanza kuimba.