Mlimani au Jangwani

Alhamisi jioni Widad alitoka shule kama kawaida yake. Alivuka daraja lililo juu ya korongo, akapita kwa muuza mikate, akachukua mikate miwili na kumega mmoja njiani. Mvua ya vuli ilikuwa imeanza kunyunya. Alipofika kwao alivua viatu, na kabla hajasukuma mlango alisikia sauti zikigombana ndani. Akajua Bi Zulikha amekuja.

Bi Zulikha alikuwa mama yake Fodil, mchumba wa Shahinaz, dada yake Widad. Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya harusi. Mavazi, vyakula na wapiga ngoma, vyote vilikwisha kukubaliwa. Kilichobaki kilikuwa fungate. Algeria ni nchi kubwa. Ina bahari, ina milima, ina jangwa lisiloonekana mwisho. Hata hivyo, mama wawili wa maharusi hawakuweza kukubaliana juu ya mahali pa kwenda.

"Kaka yangu ametuachia nyumba yake kule milima ya Jurjura," Bi Zulikha alikuwa akisema. "Majani yamegeuka rangi, jiko la kuni linawaka kutwa. Watakosa nini?"

"Watakosa raha," alijibu Mama Huria, mama yake Widad. "Maharusi wote wa mtaa huu huenda Taghit, kule jangwani. Joto limepungua huko, tende zinavunwa. Wewe unataka kumficha mwanangu porini."

"Wangu haoi ngamia, mkwe, hata ampeleke jangwani!"

"Na wangu si mbuzi wa kupandishwa milimani!"

Widad aliwaamkia haraka, akaponyokea jikoni. Shahinaz alikuwa ameinamia sinia, akipanga lozi juu ya vipande vya keki tamu ya baklawa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, mbona humwambii Fodil?" Widad alinong'ona. "Mlimani kuna moshi. Jangwani kuna vumbi. Kote huko utaumwa."

"Nyamaza."

"Lakini pumu yako..."

Shahinaz alimshika mkono kwa nguvu hadi ukauma. "Nimekwambia nyamaza! Yule mchumba wa kwanza alikimbia kwa sababu ya neno hilohilo. Unataka na huyu akimbie?"

Mama Huria alikuwa amesimama mlangoni, alikuwa amesikia. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia ule wa Widad. "Sikiliza wewe. Ukifungua mdomo na ndoa hii ikivunjika, usiniite mama."

Widad aliinamisha kichwa. Dawa ya kuvuta ya dada yake alijua iliko: ndani ya kabati la chumbani, imefungiwa. Kila mgeni wa upande wa Fodil alipokuja, Mama aliifungia, na ufunguo akautia kifuani.

"Mwali yuko wapi?" Bi Zulikha aliita kutoka sebuleni. "Aje nimfukize. Labda moshi utawatoa watu kiburi."

Shahinaz alikwenda, akaketi kwenye mto. Bi Zulikha alikuwa ametia udi na ubani kwenye chetezo, makaa yakiwa mekundu. Alikizungusha mara moja, mara mbili, juu ya kichwa cha bibi harusi. Moshi mzito ukajaa chumbani, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua.

Shahinaz alikohoa. Akakohoa tena. Kisha kikohozi kikakatika, kikabaki kifua kinachopiga mluzi, mabega yakipanda na kushuka.

"Ana nini huyu?" Bi Zulikha aliuliza.

"Mafua," Mama Huria alisema upesi. "Hali ya hewa hii."

Widad alimtazama dada yake. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Akamtazama mama yake, na mama yake akamtolea macho. Sauti ya Widad ilitoka kwa kishindo.

"Si mafua! Ana pumu! Mama, nipe ufunguo!"

Mkono wa Mama Huria ulienda kifuani, ukasita hapo.

"Mama, atakufa! Ufunguo!"

Mama alimtupia. Widad alikimbia chumbani, akarudi na dawa, akakuta Bi Zulikha amekwisha kukitoa chetezo nje na kufungua madirisha yote. Alimkalisha dada yake wima, akamlegezea kitambaa shingoni, akaitikisa dawa na kuiweka mdomoni mwake. "Vuta. Shikilia. Taratibu. Haya, tena." Baada ya kitambo mluzi ukapungua, na rangi ikaanza kurudi usoni.

Ndipo Bi Zulikha akalipuka.

"Waongo! Mnakula na sisi, mnacheka na sisi, kumbe mmetuficha!"

"Sema basi ndoa imekwisha," Mama Huria alijibu huku machozi yakimtoka. "Sema, uondoke."

Fodil, aliyekuwa akimsubiri mama yake garini, alisikia kelele akapanda ngazi mbio. Shahinaz hakungoja mtu amsemee.

"Nina pumu tangu utotoni," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuficha. Kama unaondoka, ondoka sasa."

Fodil alibadilika uso. "Kwa hiyo mimi uliniona sifai kuambiwa?" Aligeuka, akatoka, akaubamiza mlango. Walizisikia nyayo zake zikienda na kurudi barazani. Aliporudi bado alikuwa amekasirika. "Dawa hiyo inauzwa wapi? Nataka nyingine ikae garini."

Shahinaz alijifunika uso, akalia.

Mama Huria alimgeukia Widad. Widad akarudi nyuma, akidhani atapigwa. Lakini Bi Zulikha alimtangulia, akamkamata begani. Mkono wake ulikuwa mzito, na uso wake haukuwa na tabasamu hata chembe.

"Mtoto, unajua mimi ningefanya nini? Ningempeleka dada yako mlimani, nimkokee jiko la kuni kwa mkono wangu, nifunge madirisha asipate baridi. Na hospitali iko mbali kule. Ningemuua huku nikidhani namtunza." Akamtazama Mama Huria. "Ugonjwa si aibu, mkwe. Aibu ni kuuficha mpaka anayekupenda akudhuru bila kujua. Huyu mdogo ametushinda sote."

Mama Huria alikaa chini kama aliyeishiwa nguvu. Baadaye kidogo alimvuta Widad, akamkumbatia.

Jumamosi maharusi walikwenda kwa daktari pamoja. Aliwaonya wajihadhari na moshi na vumbi, wachague mahali penye hospitali ya karibu, na dawa isiachwe nyumbani. Jioni Fodil alikunjua ramani mezani mbele ya mama wote wawili. Wote wawili wakafungua midomo kwa pamoja.

"Hapana," alisema Fodil. "Leo anasema yeye."

Shahinaz aliweka kidole kwenye mji mkubwa kando ya bahari. "Bejaya," alisema.

Mama wale wawili walitazamana kwa hasira, wakameza maneno yao, na kila mmoja akachukua kipande cha baklawa.